NYUMBA YA BIBI FATMA NA SAYYIDNA ALI

 

Mara nyingi nikahi ikifungwa, mwenye kuomba dua humuomba Mwenyezi Mungu awaunganishe maarusi kama alivyowaunganisha Sayyidna Ali na Bibi Fatma, nasi tuliohudhuria huitikia Amin. Dua hiyo ni njema. Lakini ni wachache katika sisi wenye kuitikia wajuao watu wawili hao waliunganishwa vipi, walikaa nyumba gani, walilalia nini na walikula nini. Na lau wangalijua, nadhani wako ambao wangaliitikia kwa sauti ya chini zaidi, kwani nyuma yao pana deni la arusi ambalo bwana arusi atalilipa mpaka mtoto wake wa pili azaliwe. Kwa ajili hiyo tumeona tuyaandike humu maisha ya Bibi huyo (r.a.), khaswa ile miaka yake ya mwanzo katika nyumba ya mumewe.

Bibi Fatma ni binti mdogo wa Mtume (s.a.w.) kwa Bibi Khadija, kwa kauli iliyo mashuhuri. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya mwaka aliozaliwa. Walio wengi katika watu wa tarikhi wasema alizaliwa Makka mwaka ule Makureshi walipokuwa wakiijenga upya Alkaaba, yaani kama miaka 5 kabla ya Utume. Basi utoto wake wote ulipita katika taabu za mwanzo wa Uislamu. Yeye ndiye aliyekwenda mbio, naye ni msichana mdogo, akamwondolea babake matumbo ya ngamia ambayo Uqba bin Abi Muayt alimtupia mgongoni alipokuwa amesujudu mbele ya Alkaaba, kisha akawageukia wakubwa wale wa Kikureshi akawalaumu usoni mwao. Mamake alifariki kabla ya Hijra kwa kiasi cha miaka 3. Mtume alipohamia Madina mwaka 622, aliwatuma Zayd bin Haritha na Abu Rafi wakamchukue yeye na dada yake Ummu Kulthum.

Sasa twaja kwenye kuposwa kwake. Wa kwanza kumposa walikuwa Sayyidna Abubakar na Sayyidna Umar, na Mtume akawajibu kwamba yeye bado ni mdogo. Kisha akaja Sayyidna Ali, naye ni kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyelelewa katika nyumba ya Mtume mwenyewe, asiye na mali yoyote. Mtume alipomuuliza ana nini cha kutoa mahari, alisema hana kitu. Hapo Mtume akamkumbusha ile deraya yake, nguo ya chuma ya kuvaa vitani, iliyokuwa ikiitwa Alhutamiyya, akamwambia aitoe hiyo. Ndiyo ikawa mahari ya binti wa Mtume. Kuhusu thamani yake, wengine wamesema ni dirham 400 na wengine 480. Na tuangalie hapa jambo moja: baba ndiye aliyetafuta njia ya kumrahisishia mposaji. Wazee wetu wengi leo hutafuta njia ya kinyume chake. Hukaa wakahesabu, mpaka kijana mwema akaondoka akenda zake, na binti akabaki nyumbani akingoja mwenye fedha, na huyo mwenye fedha akija huwa ni yule wa umri wa babake.

Humo katika vitabu vya visa mna maelezo mengi ya arusi hii, ya malaika waliotawanya lulu na mti wa peponi uliodondosha vito. Hayo yasomwa katika mikusanyiko na watu hulia. Lakini mabingwa wa elimu ya hadithi, miongoni mwao Ibnul Jawzi, wameyatia katika hadithi za kuzuliwa, na Bibi Fatma hana haja ya kuzuliwa sifa. Yaliyopokewa kwa njia za sahihi yatosha, na tena yana faida kubwa zaidi kwetu sisi tusiokuwa na lulu.

Katika hayo yaliyo sahihi, yaliyomo katika Bukhari na Muslim, ni kisa cha ngamia wawili. Baada ya vita vya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra (624), Sayyidna Ali alipata ngamia jike katika mafungu ya ngawira, na Mtume akampa mwengine katika khumsi. Akapanga kwenda pamoja na sonara mmoja wa kabila la Banu Qaynuqa, wakate majani ya idhkhir, awauzie masonara, na fedha zile azifanyie karamu ya arusi yake. Basi akawafunga ngamia wale karibu na nyumba ya Mansari mmoja, akenda kukusanya matandiko na magunia na kamba. Aliporejea aliwakuta wamekatwa nundu, wamepasuliwa mbavu na wametolewa maini. Hakuweza kuyazuia machozi. Aliyefanya hayo ni ami yake mwenyewe, Sayyidna Hamza, aliyekuwa katika nyumba ile akinywa tembo na wenziwe, na mwimbaji akawa amemchochea kwa nyimbo zake. Wakati huo tembo lilikuwa halijaharimishwa. Mtume alipomwendea kumlaumu, alimkuta amelewa mpaka akili haipo, asema maneno asiyoyajua maana yake. Akarudi nyuma akatoka. Hatulitaji hili kwa kumtia aibu Sayyidna Hamza, aliyekufa shahidi Uhudi mwaka wa 3, la. Bali twataka ijulikane kwamba kijana yule aliingia katika ndoa baada ya kupotewa na rasilimali yake yote kwa siku moja, na arusi haikuvunjika wala haikungojewa mwaka mwengine.

Karamu ilifanywa kwa msaada wa watu. Imepokewa kwamba Saad alitoa kondoo, na jamaa katika Ansari wakakusanya pishi kadhaa za nafaka. Wakala walioalikwa, ikaisha. Ama vyombo alivyokwenda navyo Bibi Fatma, wapokezi wametuhesabia kimoja kimoja, nami naona ni kheri nivitaje vyote: shuka moja nzito ya manyoya, mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhir (na katika mapokezi mengine, nyuzi za mtende), kiriba cha maji, mawe mawili ya kusagia na mitungi miwili. Na ile shuka haikuwatosha. Wakijifunika vichwa miguu huwa wazi, na wakijifunika miguu vichwa huwa wazi.

Nyumba yenyewe Sayyidna Ali aliipata mbali kidogo na kwa Mtume. Amepokea Ibn Saad kwamba Mtume alipokwenda kuwatazama alitaja kuwa angependa binti yake awe karibu naye, na Bibi Fatma akamshauri aseme na Haritha bin Nuuman, Mansari aliyekuwa na nyumba kadhaa jirani na Msikiti. Lakini Mtume akaona haya, kwani Haritha alikuwa amekwisha kumhamia nyumba zake zaidi ya mara moja. Khabari zikamfikia Haritha mwenyewe. Akaja upesi, akahama katika nyumba yake akawapa maarusi, akaeleza kwamba kile Mtume atakachokichukua kwake akipenda zaidi kuliko kile atakachomwachia. Basi wakahamia hapo, ukuta kwa ukuta na chumba cha Bibi Aisha.

Kazi katika nyumba hiyo ilikuwa nzito. Bibi Fatma alisaga nafaka kwa mkono wake mpaka viganja vikafanya sugu, na Sayyidna Ali alivuta maji visimani mpaka kifua kikamuuma. Imepokewa kwamba walikuwa wamegawana: kazi za nje, kama kuteka maji, zifanywe na Sayyidna Ali na mamake, Bibi Fatma bint Asad, na za ndani, kusaga na kukanda unga, zifanywe na Bibi Fatma. Hapa nina neno na waume wenzangu. Huwasikia wengi wakiwatajia wake zao mikono ya Bibi Fatma iliyochubuka, wala siwasikii kukitaja kifua cha Sayyidna Ali. Na katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, mke halazimiki kisheria kupika wala kusaga wala kufua. Akifanya, huo ni wema wake na ukarimu wake kwa mumewe, na ni haki ushukuriwe kama ushukuriwavyo wema wowote. Anayetaka kuishika kisa hiki kuwa hoja, na akishike chote.

Siku moja wakasikia kwamba Mtume ameletewa mateka. Bibi Fatma akaenda kumtaka mtumishi mmoja, asimkute, akamweleza Bibi Aisha haja yake akarudi. Usiku Mtume akaja kwao, nao wamekwisha kulala. Wakataka kuinuka, akawazuia, akaketi baina yao hata Sayyidna Ali akahisi ubaridi wa miguu yake kifuani mwake. Akawafahamisha kwamba kipo kilicho bora kwao kuliko mtumishi: wakitaka kulala wamsabihi Mwenyezi Mungu mara 33, wamhimidi mara 33, na wamkabiri mara 34. Na katika mapokezi mengine aliwaeleza pia sababu ya kuwanyima, nayo ni kwamba wale mafakiri wa Suffa, waliokuwa wakilala Msikitini, walikuwa na njaa, na thamani ya mateka wale itawaendea wao. Sayyidna Ali hakuiacha dhikri hiyo maisha yake yote, hata usiku wa vita vya Siffin. Ni wajibu wetu kufahamu kwamba mwenye kunyima hapa alikuwa ni kiongozi wa umma, na aliyenyimwa ni mwanawe, na aliyepewa ni maskini asiye na jamaa. Wenye kutunza mali za wakfu na za misikiti walisome jambo hili mara mbili.

Wala wasidhani vijana kwamba nyumba ile haikuwa na maneno. Mtume alikwenda siku moja asimkute Sayyidna Ali, na Bibi Fatma akamweleza kwamba pametokea jambo baina yao, naye ametoka kwa hasira bila ya kulala mchana nyumbani. Mtume akamkuta Msikitini amelala, shuka imemwanguka ubavuni, naye ana vumbi. Akawa akimpangusa vumbi lile kwa mkono wake na kumwita kwa mzaha Abu Turab, yaani mwenye mchanga. Hakumuuliza kosa ni la nani, wala hatukupata katika hadithi kwamba alimuuliza bintiye. Na Sayyidna Ali jina hilo alilipenda kuliko majina yake yote.

Na mara nyengine Mtume alikuja mpaka mlangoni, akaona pazia lenye mapambo, akageuka asiingie. Bibi Fatma akahuzunika. Sayyidna Ali alipokwenda kuuliza, Mtume akamjibu kwamba yeye na mapambo ya dunia hawana uhusiano, na akaagiza pazia lile lipelekwe kwa jamaa fulani waliokuwa na haja nalo. Likapelekwa.

Walizaa Hasan mwaka wa 3 wa Hijra, na Husein mwaka wa 4, kisha Zaynab na Ummu Kulthum. Wako wasemao kwamba walikuwa na mtoto mwengine, Muhsin, aliyefariki mchanga. Siku ya Uhudi Bibi Fatma alikuwako. Ndiye aliyemwosha babake jeraha la uso, na damu ilipokataa kusita alichoma kipande cha mkeka akalibandika jivu lake jerahani, ikasita. Ulipotokea uvumi wa kuwa Sayyidna Ali ataka kumuoa binti wa Abu Jahli juu yake, Mtume alipanda mimbari akalikataa jambo hilo mbele ya watu, na Sayyidna Ali akaliacha. Hakuoa mke mwengine muda wote Bibi Fatma alipokuwa hai.

Mtume alifariki mwaka wa 11 wa Hijra (632). Katika maradhi yake alimnong'oneza Bibi Fatma neno akalia, kisha akamnong'oneza jengine akacheka. Na baadaye alieleza kwamba la kwanza ni khabari ya kufa kwake Mtume, na la pili ni kwamba yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza katika jamaa zake kumfuata. Ikawa hivyo. Kiasi cha miezi 6 baadaye, katika Ramadhani, alifariki, naye kwa kauli ya walio wengi hajatimiza miaka 30. Sayyidna Ali alimzika usiku. Hasan alikuwa na miaka kama 8.

Nyumba yao ilibaki pale pale ubavuni mwa Msikiti mpaka mwaka wa 88 wa Hijra (707), Khalifa Walid bin Abdulmalik alipomwamuru Umar bin Abdulaziz, aliyekuwa gavana wake Madina, aupanue Msikiti. Ikavunjwa pamoja na vyumba vya wake wa Mtume, na ardhi yake ikaingizwa ndani ya Msikiti, upande wa nyuma ya chumba cha Bibi Aisha.