Nyuma ya Punda wa Stevenson

Ukimtaja Robert Louis Stevenson hapa chuoni, wengi watakumbuka Kisiwa chenye Hazina, kile kitabu cha maharamia ambacho wazee wetu walikisoma kwa Kiswahili, basi, yakaishia hapo. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Nilikuja kumfahamu kwa miguu, muhula ule niliokuwa Clermont-Ferrand, Ufaransa, nikinoa Kifaransa changu.

Niseme tu ukweli: niliondoka nyumbani nikiwa sisemeshani na mzee. Mwaka wa pili niliacha uhandisi nikahamia lugha, na sikumwambia. Alikuja kuyasikia kwa watu, na nadhani hilo ndilo lililomuuma kuliko hata uhandisi wenyewe. Kwa hiyo jioni wenzangu wakipiga simu kwao, mimi nafunga kamba za raba naenda kukimbia. Jamaa mmoja wa bwenini, mtoto wa kijijini huko, akaniambia kama napenda milima nipande treni iendayo Nîmes, nishuke La Bastide, nifuate alama nyekundu na nyeupe zilizopakwa kwenye miti na mawe. Ndiyo njia inayoitwa GR70, njia ya Stevenson, zaidi ya kilomita 250 kutoka Le Puy hadi Alès. Nikamuuliza Stevenson gani. Akanicheka.

Basi, Stevenson huyo alizaliwa Edinburgh, Uskoti, tarehe 13 Novemba 1850, mtoto pekee wa Thomas Stevenson. Ukoo wao ulikuwa ukoo wa minara ya taa. Babu yake alijenga taa ya Bell Rock juu ya mwamba ambao bahari huufunika maji yakijaa, na baba na baba zake wakubwa wakaendelea na kazi hiyohiyo kwenye pwani za Uskoti. Mtoto akazaliwa na kifua kibovu. Utotoni alikesha usiku mwingi akikohoa, yaya wake akimsimulia hadithi mpaka kunapambazuka.

Akiwa na miaka 17 akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusoma uhandisi, maana nani angemuuliza anataka nini? Alikuwa mtoro wa vipindi aliyekubuhu. Siku hizi tungesema huyu anadisko muda wowote. Mwaka 1871 yeye na wenzake wakaanzisha jarida la wanafunzi. Lilitoka matoleo manne, likafa. (Wahariri wa jarida hili msinune, nasema yaliyotokea.) Lakini hakuwa mjinga wa uhandisi hata kidogo. Machi mwaka huohuo alisoma mbele ya chama cha wataalamu andiko lake kuhusu aina mpya ya taa ya kumulika kwa vipindi, akapewa medali ya fedha. Wiki chache baadaye akamweleza baba yake kwamba anaacha, anataka kuandika.

Hapo ndipo nilipomheshimu. Kuacha kitu unachofeli ni rahisi. Yeye aliacha huku amebeba medali, na alimwambia baba yake usoni, jambo ambalo mimi sikuliweza.

Mzee Thomas aliumia, lakini wakakubaliana asome sheria. Akaisoma, akafuzu uwakili mwaka 1875, na kazi ya uwakili karibu hakuifanya kabisa. Katikati ya hayo walikuwa wamegombana vibaya kuhusu dini, hadi nyumba nzima ikawa kama ina msiba. Kisha mwaka 1876, katika kijiji cha wachoraji cha Grez, akampenda Fanny Osbourne, Mmarekani mwenye mume na watoto, aliyemzidi miaka kumi. Agosti 1878 Fanny akarudi California kwa mumewe.

Ndipo Stevenson, mwenye miaka 27, kifua kibovu na mfuko mtupu, akaenda kujichimbia Le Monastier, kijiji cha milimani. Akashonesha gunia la kulalia, kwa nje turubai, kwa ndani manyoya ya kondoo, na akamnunua punda jike mdogo wa rangi ya panya kwa faranga 65 na glasi ya brandi. Akamwita Modestine. Tarehe 22 Septemba wakaanza safari ya kwenda kusini.

Usidhani alikuwa mtu wa porini. Mzigo ulikuwa na paja la kondoo, mkate mweupe na hata kifaa cha kukorogea mayai! Ulianguka njiani siku ya kwanza, watu wakamcheka, na vingine akavitupa palepale. Punda hakutaka kwenda. Akamchapa mpaka mkono ukamuuma na roho ikamsuta, hadi mwenye nyumba ya wageni mmoja alipomtengenezea mchokoo, fimbo yenye ncha. Usiku mmoja karibu na Cheylard alipotea gizani, wanakijiji wakakataa kutoka nje kumwonyesha njia, akalala msituni mvua ikinyesha. Kipande hicho nilikikimbia mchana, njia imewekwa alama kila mahali, na bado nilipinda vibaya mara mbili. Ukiona alama ya msalaba wa nyekundu na nyeupe, rudi ulikotoka. Mimi niliiona nikadhani ni mapambo.

Juu ya La Bastide kuna monasteri ya Notre-Dame-des-Neiges, ambako alilala kwa watawa wa Trappe, watu wa kimya. Kimya hakikumsumbua. Waliomsumbua ni wageni wawili, padri wa kijijini na askari mstaafu, waliomwandama aache Uprotestanti awe Mkatoliki. Fikiria mtu aliyetoka kukosana na baba yake kwa sababu ya dini, anafika mwisho wa dunia anakuta mjadala uleule mezani. Nilizunguka monasteri hiyo nikihema, nikajaza maji, nikateremka. Msitu ni mzuri, ardhi laini, magoti yanashukuru.

Lakini kama una siku moja tu, nenda Le Bleymard, ukimbie hadi Le Pont-de-Montvert. Ni kama kilomita 19. Unapanda zaidi ya mita 600 hadi kilele cha Finiels kwenye mlima Lozère, mita 1,699. Kwanza misonobari. Humo ndimo Stevenson alipolala usiku wa nyota ambao aliukumbuka kuliko mwingine wote, akatamani angekuwa na mwenzi pembeni. Tunajua ni nani. Asubuhi alitandaza sarafu kwenye majani, malipo ya malazi. Mimi sikuwa na sarafu, bumu lenyewe lilishakwisha.

Juu ya misonobari ni nyasi tupu, na hapo ukungu ulinikuta. Sioni hata mita ishirini. Kilichoniokoa ni mawe marefu ya matale yaliyosimikwa wima zamani kuonyesha njia: nafika kwenye moja, natafuta kivuli cha lingine, natembea. Baadaye nilielezwa kwamba vijiji kadhaa vya mlima huo vilijengewa minara midogo yenye kengele ambayo watu waliigonga wakati wa ukungu na dhoruba ya theluji, ili aliyepotea afuate sauti. Nilimfikiria Thomas Stevenson na taa zake. Nikamfikiria mzee wangu pia, sitaki kudanganya. Ukungu ukafunguka kuelekea Finiels, kijiji cha nyumba za mawe, na chini kabisa mto Tarn na daraja la Le Pont-de-Montvert, pale ambapo mwaka 1702 kuuawa kwa padri du Chayla kuliwasha vita vya Waprotestanti wa Cévennes dhidi ya serikali ya mfalme. Stevenson alikuja kwa ajili ya habari hizo kwa kiasi kikubwa. Mimi nilikuja kula. Miguu ilikuwa inatetemeka.

Yeye aliendelea kupitia Florac na misitu ya chesnati hadi Saint-Jean-du-Gard, siku ya kumi na mbili, tarehe 3 Oktoba. Punda alikuwa hoi. Akamuuza faranga 35, akapanda gari la farasi, na humo akalia.

Kitabu cha safari hiyo kilitoka 1879, na mwaka huohuo akaondoka kwenda Marekani kumfuata Fanny bila kuwaaga wazazi wake. Alikula umaskini huko. Karibu na Monterey wafugaji wa mbuzi walimkuta kama maiti, wakamuuguza. Fanny alipata talaka, wakafunga ndoa Mei 1880. Na kabla ya hapo ikafika simu ya maandishi kutoka Edinburgh: mzee Thomas anamwahidi mwanawe pauni 250 kila mwaka. Hakumtaka kwanza arudi kwenye sheria.

Mwaka uliofuata, likizoni Braemar, mvua ikinyesha, Stevenson alimchorea mtoto wa Fanny ramani ya kisiwa, akaanza kuandika hadithi yake. Kila sura aliwasomea wa nyumbani. Mzee Thomas, mjenzi wa taa, alinogewa kuliko watoto: ndiye aliyekaa akaorodhesha vitu vilivyomo ndani ya sanduku la yule baharia mzee, na orodha yake ikaingia kitabuni. Kitabu hicho ndicho Kisiwa chenye Hazina.

Mengine mnayajua au mtayasoma: Jekyll na Hyde mwaka 1886, baba kufariki 1887, kisha bahari ya Pasifiki. Alihamia Samoa, akaandika kuwashambulia maofisa wa Kizungu walioichezea nchi hiyo, na machifu waliotoka gerezani wakamlimia barabara ya kwenda nyumbani kwake kwa kuwa aliwatunza wakiwa kifungoni. Alifariki tarehe 3 Desemba 1894, mshipa wa kichwa ukipasuka, akiwa na miaka 44. Kesho yake Wasamoa walifyeka njia hadi juu ya mlima Vaea, wakambeba mabegani wakamzika huko.

Niliporudi likizo nilimkuta mzee barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia. Nilikuwa na nakala ya zamani ya Kisiwa chenye Hazina, nikamwambia huyu mwandishi aliacha uhandisi, na ile orodha ya sandukuni aliiandika baba yake. Akaichukua, akatafuta miwani, akaniuliza sanduku lenyewe liko ukurasa wa ngapi.