Fundi Konde: Gitaa la umeme na santuri ya dakika tatu

FUNDI Konde, mmoja wa waasisi wa muziki wa kisasa nchini Kenya, alizaliwa mwaka wa 1924 Mwabayanyundo, nyuma ya Mombasa, ambako msafiri atokaye kisiwani hufika kwa kupitia Changamwe na Mazeras. Alianza kwa filimbi na klarineti, kisha akashika gitaa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alitumikia kikosi cha burudani cha jeshi la Waingereza, akawatumbuiza askari hadi India na Burma.

Aliporejea, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Siku hizo mashine za kupiga ngoma hazikuwa zimeingia studio. Wanamuziki walipiga kwa pamoja, aliyekosea aliwarudisha wote mwanzo, na upande mmoja wa santuri ulibeba takriban dakika tatu tu. Ufinyu huo ulimfunza Konde kutopoteza mlio hata mmoja, kama zinavyoshuhudia Jambo Sigara na Tausi Ndege Wangu.

Vijiji vingi havikuwa na umeme, lakini gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono iliufikisha huko mlio wa gitaa hilo. Udhaifu ulikuwa katika santuri yenyewe, iliyovunjika upesi kama kigae. Hata hivyo, baadhi ya alizorekodi kati ya 1947 na 1956 zilinusurika, zikatolewa upya kwa CD mwaka wa 1994. Konde alifariki mwaka wa 2000, akiwa ameishuhudia kazi yake ikifufuka.