Alice Hamilton na vumbi la risasi

Kila alfajiri, kutoka Mtwapa hadi Mambrui, akina mama hushika fagio za chelewa wakafagia nyumba na nyua zao. Sisi watu wa Pwani huihesabu nyumba iliyofagiwa kuwa heshima ya mwenyewe, na vumbi kuwa aibu yake. Ndiyo maana mtoto akiugua, kidole cha lawama hakikawii kumwelekea mama. Alipata kuwako daktari mmoja wa Marekani ambaye alitumia nusu ya umri wake kuikataa lawama ya namna hiyo, na maisha yake yanatufaa hata leo.

Alice Hamilton alizaliwa New York tarehe 27 Februari 1869, akalelewa Fort Wayne, jimbo la Indiana. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1893, kisha akaenda Ujerumani kuongeza elimu, zama ambazo vyuo vya huko vilimpokea mwanamke kwa shingo upande. Mwaka 1897 alihamia Chicago kufundisha, akafanya maskani yake Hull House, nyumba ya huduma iliyoongozwa na Jane Addams katikati ya mtaa wa wahamiaji maskini. Hapo aliwaona wanaume wa makamo wakirudi kutoka viwandani wamepauka, matumbo yanawasokota, viganja vimelegea visiweze kushika hata kijiko.

Mwaka 1910 jimbo la Illinois lilimkabidhi uchunguzi wa sumu ya risasi viwandani. Wenye viwanda walimhakikishia kwamba hawakuwa na wagonjwa. Hamilton hakubishana nao. Alipekua majalada ya hospitali, akawadadisi wauza dawa, na jioni akabisha hodi majumbani mwa wafanyakazi. Mgonjwa mmoja alikuwa akipaka rangi ngumu ya kung'aa kwenye mabafu ya kuogea. Daktari alipokizuru kiwanda, alionyeshwa mahali safi pasipo na hatari yoyote. Ni nyumbani kwa wafanyakazi alikoambiwa kwamba kazi yenyewe ilifanyika kwingine, ambako unga wenye risasi ulinyunyizwa juu ya chuma cha moto ukajaza hewa yote. Kwa njia hiyo aligundua kazi zaidi ya 70 zilizowaweka watu katika hatari ya risasi.

Wenye viwanda walikuwa na hoja moja waliyoipenda mno: kwamba mfanyakazi hujitia sumu mwenyewe kwa kula bila kunawa mikono. Hamilton alionyesha kwamba chanzo kikubwa kilikuwa vumbi na moshi uliovutwa kwa pumzi, na hakuna sabuni inayoosha mapafu. Dawa ilikuwa kulizuia vumbi pale linapozaliwa: kulifunika, kulilowesha, kulinyonya kwa mashine. Mwaka 1911 Illinois ilipitisha sheria ya kuwalinda wafanyakazi dhidi ya magonjwa ya kazini.

Mwaka 1919 Chuo Kikuu cha Harvard kilimwajiri, akawa mwalimu wake wa kwanza mwanamke, lakini kikamnyima kiti katika maandamano ya mahafali. Alistaafu mwaka 1935 akiwa bado katika cheo kile kile alichoanza nacho. Mwaka 1925, kampuni zilipotaka kutia risasi katika petroli, alisimama mbele ya mkutano wa serikali mjini Washington kuipinga rai hiyo. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: kiwanda kimoja huweza kudhibitiwa, nchi nzima haiwezi. Hakusikilizwa. Kenya iliachana na petroli hiyo mwaka 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Mwenyewe alifariki tarehe 22 Septemba 1970, akiwa na umri wa miaka 101.

Lugha yetu imeipa jina moja madini hii na kile kitokacho mtutuni. Tofauti ni kwamba risasi ya bunduki ina mlio. Ile ya vumbi hutua kimya juu ya sakafu, mkeka na nguo za baba atokaye kazini, wala haiozi. Mtoto anayetambaa huigusa, kisha hutia vidole kinywani, na mwili wake huifyonza mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Huathiri ubongo, damu na figo, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama.

Haya si ya Chicago pekee. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilichofunguliwa mwaka 2007 na kufungwa mwaka 2014. Mama za mtaa ule walifagia kila siku. Vumbi likarudi kila siku. Walipigania haki yao wakiongozwa na Phyllis Omido, na mwaka 2020 mahakama ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Rufaa iliitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hata hivyo, hakuna fedha inayoweza kuurudisha ubongo wa mtoto ulivyokuwa.

Kaunti ya Kilifi isingoje mkasa wa aina hiyo. Mvuvi anayeyeyusha betri jikoni apate chubwi la mshipi wake, fundi anayekwangua rangi kuukuu ya mlango watoto wakitazama, mwenye karakana anayepasua betri uani: wote hawa wanastahili kuelezwa, na kupewa mahali pa kufanyia kazi mbali na mikeka ya watoto. Na mwekezaji akija na leseni ya kiwanda, tumuulize vumbi lake litatua wapi kabla hajajenga ukuta wa kwanza. Mama aendelee kufagia, kwa kuwa usafi ni jambo jema, na kitambaa kibichi ni bora kuliko ufagio mkavu unaolirusha vumbi hewani. Lakini asibebeshwe mzigo wa vumbi ambalo hakulizalisha yeye.