Paul Langevin: Msikilizaji wa Maji

Maji ya Homa Bay, ndani ya Ghuba ya Winam, yamejaa matope na mwani kiasi kwamba mwanga wa jua haufiki mbali. Hata hivyo, mwaka wa 1999 watafiti walianza kukadiria wingi wa mbuta na omena katika Ziwa Viktoria zima kwa kupeleka sauti majini na kupima mwangwi wake. Mbinu hiyo inatokana na kazi ya Mfaransa ambaye jina lake ni nadra kutajwa fuoni humo.

Paul Langevin alizaliwa Paris mwaka wa 1872. Alifunzwa na Pierre Curie ambaye, pamoja na kakake Jacques, aligundua mwaka wa 1880 kwamba fuwele ya kwazi ikibanwa hutoa umeme. Mnamo 1908 Langevin alitunga mlingano unaoeleza jinsi chembechembe zinazoelea katika kiowevu zinavyosukumwasukumwa na molekuli zisizotulia. Hiyo ilikuwa kazi ya kalamu na karatasi. Vita vilimtoa mezani.

Nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizamisha meli. Akianzia kwenye pendekezo la mhandisi Mrusi, Constantin Chilowsky, la mwaka wa 1915, Langevin aliupindua ugunduzi wa mwalimu wake: aliipa kwazi umeme ili itetemeke. Sauti iliyotoka haikusikika na sikio la binadamu, lakini samaki waliowekwa karibu nayo walikufa. (Ile inayotumiwa ziwani leo ni ya upole zaidi.) Mwaka wa 1918 mwangwi wa nyambizi ulinaswa. Kanuni haijabadilika: sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde, muda wa mwangwi hueleza umbali, nguvu yake hueleza wingi. Chembe ya tope hurudisha mwangwi hafifu mno kuliko samaki, ndiyo maana wanaopima mashapo yanayoelea huhitaji mawimbi mafupi zaidi.

Mwaka wa 1940 Wanazi walimfunga kwa sababu ya msimamo wake dhidi ya ufashisti. Mkwewe, Jacques Solomon, alipigwa risasi mwaka wa 1942. Bintiye Hélène alipelekwa Auschwitz, akarudi hai. Langevin mwenyewe alitorokea Uswisi mwaka wa 1944, akarejea nchini mwake, akafariki Desemba 1946. Mwaka wa 1948 mabaki yake yalihamishiwa Panthéon pamoja na ya Jean Perrin, yule aliyezitazama kwa hadubini chembe ambazo Langevin alizieleza kwa hesabu.