Jack Kilby: Mhandisi aliyekosa likizo akaunda chipu

Kila simu inayopokea malipo katika soko la Machakos ina chipu, kifaa ambacho historia yake haitajwi bila Jack Kilby, mhandisi Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1923.

Julai 1958, wenzake katika kampuni ya Texas Instruments walikwenda likizo. Kilby, akiwa mgeni kazini, hakustahiki. Alibaki maabarani, akihofia kwamba wakirejea angepangiwa mradi asiouamini. Ndipo akawaza kuunda sehemu zote za sakiti katika kipande kimoja.

Septemba 12, alikijaribu kifaa hicho mbele ya wakuu wake. Alipowasha umeme, mawimbi yalionekana kwenye kioo cha kipimo, wazo likathibitika.

Alitunukiwa Nobel ya Fizikia mwaka 2000, akafariki dunia 2005. Hadi leo, chipu mpya hutambuliwa kwa majaribio, si kwa maneno.