Thomas Clarkson na insha yake ya Kilatini

Tangu niingie katika fakulte hii nimesikia mara nyingi kwamba mwanafunzi anayejali mateso ya watu wa mbali amezaliwa hivyo, au amelelewa hivyo kwao. Mimi siamini. Anayenizuia kuamini ni Thomas Clarkson, Mwingereza aliyetumia maisha yake karibu yote kupiga vita biashara ya watumwa. Huyu hakuanza kwa huruma. Alianza kwa kutaka zawadi ya insha.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1760 huko Wisbech, mji mdogo wa mashariki mwa Uingereza. Baba yake, kasisi na mkuu wa shule, alifariki Thomas akiwa na miaka sita tu. Kijana akasoma London, na mwaka 1779 akaingia St John's College, Cambridge. Alikuwa hodari wa Kilatini. Njia yake ilikuwa imekwisha kuchorwa: ukasisi wa Kianglikana na maisha ya heshima. Mwaka 1784 alishinda zawadi ya insha ya Kilatini, na mwaka uliofuata akaitaka ile ya daraja la juu.

Swali la mwaka 1785 lilitolewa na Peter Peckard, aliyekuwa akiongoza chuo kikuu wakati ule. Aliuliza kama ni halali kuwatia watu utumwani bila hiari yao. Peckard alijua anachofanya. Miaka miwili tu kabla, mahakama ya London ilikuwa imesikiliza kesi ya meli Zong, ambayo mabaharia wake waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130, na wenye meli wakadai fidia ya bima kama watu wanaolipwa kwa bidhaa zilizopotea. Hata hivyo swali lenyewe halikutaja Afrika. Mwanafunzi mwerevu angeweza kulijibu kwa kumzungushazungusha Aristotle na sheria za Waroma, akapata pointi zake.

Clarkson aliamua kulijibu kwa habari za biashara iliyokuwa ikiendelea siku zile zile. Alikuwa na muda wa miezi miwili hivi. Alipata makaratasi ya marehemu mmoja aliyewahi kufanya biashara hiyo, akawahoji maofisa waliokuwa wametumika visiwa vya Karibea, kisha akaona katika gazeti tangazo la kitabu cha Anthony Benezet, mwalimu wa Philadelphia aliyekusanya ushahidi wa wasafiri. Akaenda London kukinunua. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Alitaka kuandika Kilatini kizuri, lakini sasa usingizi ulimkimbia, akawa anaacha mshumaa ukiwaka chumbani usiku ili aamke na kuandika lililomjia. Wazo la kushinda likawa dogo mbele ya yale aliyoyasoma.

Alishinda. Akaisoma insha mbele ya wakubwa wa chuo, akapigiwa makofi, akapanda farasi kurudi London. Sote tunajua TFC inavyoishia: pointi, jalada, rafu, vumbi. Ya Clarkson haikukubali kukaa rafuni. Karibu na Wadesmill alishuka, akaketi kando ya barabara, na mawazo yakamwelekeza mahali asipotaka kwenda: ikiwa aliyoyaandika ni kweli, basi lazima atokee mtu wa kuyakomesha. Msisahau kwamba hakuondoka pale akiwa shujaa. Kwa miezi mingi alisitasita, akijiuliza kama mtu huyo lazima awe yeye.

Kitu kilichomtoa kwenye kusita kinatuhusu sisi wa lugha: ni tafsiri. Kilatini chake kilieleweka na wale wale waliokwisha kumpigia makofi. Baharia wa Bristol asingekijua, wala mama anayenunua sukari dukani. Basi akaigeuza insha kuwa Kiingereza, akaiongeza, na mwaka 1786 ikachapishwa na James Phillips, Mkweka. Katika kutafuta mchapaji akagundua kwamba hakuwa wa kwanza. Wakweka walikuwa wamekwisha kuanza, na Granville Sharp alikuwa ametetea Waafrika mahakamani kwa miaka mingi. Tarehe 22 Mei 1787 watu kumi na wawili, tisa kati yao Wakweka, wakaunda kamati. William Wilberforce angesema bungeni. Clarkson angetafuta ukweli wa kusemwa.

Na aliutafuta kweli. Watetezi wa biashara walidai kwamba inalea mabaharia wa taifa. Clarkson hakubishana kwa maneno. Alikwenda Bristol na Liverpool kupekua orodha za wafanyakazi wa meli, akafuata majina ya mabaharia kama 20,000, na kuonyesha kwamba meli za watumwa zilikuwa kaburi lao. Liverpool alinunua dukani pingu, vibano vya kukandamizia vidole gumba, na chuma cha kumfungua kinywa kwa nguvu mtu aliyegoma kula. Gatini mjini humo kundi la watu lilijaribu kumsukuma majini, aliponea chupuchupu. Safari moja alipanda mamia ya meli, bandari baada ya bandari, akimtafuta baharia mmoja aliyeshuhudia watu wakitekwa kwenye mito ya Calabar. Akampata. Kufikia 1794 alikuwa amesafiri maili zipatazo 35,000.

Afrika hakuwahi kuikanyaga. Sisi wa mashariki mwa Kongo tunapotaja utumwa twafikiria Nyangwe, Kasongo na misafara ya Tippu Tip. Lakini upande wa pili wa nchi, kwenye pwani ya Loango na Cabinda, meli za Waingereza nazo zilipakia watu katika karne ile ya Clarkson. Kilichowaunganisha watu hao na meza za Uingereza kilikuwa sukari. Mwaka 1791 na 1792, kwa makadirio yake mwenyewe, watu 300,000 waliacha kuitumia. Sisi ambao kobalti yetu inalala ndani ya simu za watu wasiojua Kolwezi iko wapi, hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo hilo.

Bunge lilikataa mwaka 1791, kura 163 kwa 88. Mwaka 1794, akiwa na miaka 34 tu, afya na mfuko vikamwishia, akajitenga kando ya ziwa Ullswater, akalima, akamwoa Catherine Buck. Mwaka 1804 akarudi barabarani. Tarehe 25 Machi 1807 sheria ikapiga marufuku biashara hiyo, ingawa waliokuwa watumwa tayari katika makoloni walingoja hadi sheria ya 1833.

Kitabu chake cha historia ya vita hivyo, kilichotoka 1808, nakisoma kwa mashaka kidogo. Olaudah Equiano na Ottobah Cugoano, Waafrika walioonja utumwa na kuuandikia vitabu, hawapati humo nafasi waliyostahili, ingawa Clarkson mwenyewe ndiye aliyemwandikia Equiano barua ya kumtambulisha Cambridge mwaka 1789. Zamu yake ya kupunguzwa ikafika 1838, wana wa Wilberforce walipoandika maisha ya baba yao na kumsukuma Clarkson pembeni.

Mwaka 1840, akiwa na miaka 80 na macho hafifu, alifungua London mkutano wa dunia wa kupinga utumwa. Alifariki Playford tarehe 26 Septemba 1846. Sanduku alilozunguka nalo, lenye vitambaa, mbegu na vipande vya mbao kutoka Afrika, ambavyo aliwaonyesha watu ili wajue kwamba bara hilo lina vitu vya kuuza tofauti na wanadamu, liko hadi leo katika makumbusho ya Wisbech.