Louis Braille: Kijana aliyefunza vidole kusoma

Ukipanda lifti katika jumba refu mjini, hebu papasa kando ya nambari. Huenda ukagusa vinundu vidogo ambavyo hupuuza kila siku. Mfumo huo ulibuniwa na kijana wa miaka 15.

Louis Braille alizaliwa Januari 4, 1809, kijijini Coupvray, Ufaransa. Babake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Akiwa na miaka 3, Louis alichezea kifaa chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, kikamdunga jicho. Maambukizi yakaenea hadi jicho la pili. Alipofika miaka 5, haoni kitu.

Mnamo 1819 alijiunga na shule ya wasioona jijini Paris. Vitabu vilikuwepo, ila vya herufi za kawaida zilizoinuliwa. Vizito, na kuvisoma ni polepole ajabu. Kisha mwanajeshi Charles Barbier akaleta maandishi ya nukta. Shida? Alama moja ingebeba hadi nukta 12, nyingi mno kwa ncha ya kidole.

Louis akazipunguza hadi 6. Kufikia 1824 mfumo ulikuwa tayari, na 1829 akauchapisha.

Unadhani alipigiwa makofi? Wapi! Kuna wakati shule ileile, ambako sasa alikuwa mwalimu, iliupiga marufuku. Wanafunzi wakaendelea kuutumia kisirisiri. Kifua kikuu kilimuua Januari 6, 1852, akiwa na miaka 43. Shule iliukubali rasmi 1854, yeye akiwa kaburini.

Kile ambacho Louis hakujua ni kinachotokea kichwani. Ukigusa nukta hizo leo, utahisi mkwaruzo tu. Lakini anayezisoma kila siku, miezi na miaka, ubongo wake hujipanga upya. Wanasayansi wamegundua kuwa sehemu inayopokea habari za kidole cha kusomea hupanuka. Kwa waliopofuka wakiwa wadogo, hata eneo la kuona huanza kufanya kazi wanaposoma kwa vidole. Halikai bure!

Leo hapa Kenya, mitihani ya kitaifa huandaliwa pia kwa nukta nundu kwa watahiniwa wasioona. Kwa hivyo wewe unayetaka kuacha gitaa baada ya wiki mbili eti vidole havisikii, ngoja kwanza. Labda ubongo wako ndio umeanza kujipanga.